Maswali mnayoniuliza sana kuhusu kufufua risiva za stereo za zamani

Tangu ile Pioneer SX-650 ya marehemu ba'mdogo irudi kuimba pale sebuleni kwa ma'mdogo, Tanga, kila anayepita anauliza yale yale, na wengine wananipigia simu usiku wameshafungua mashine zao wanataka kujua wafanye nini. Nimeona niyaandike yote sehemu moja. Mimi sio injinia, nimefundishwa na mafundi redio wawili wazee na mengine nimejifunza kwa kusoma manyuo (vitabu vya kiwanda vya maelezo ya mashine) na kurudia rudia mpaka ikakubali, kwa hiyo haya ni yale niliyoyafanya kwa mkono wangu.

Risiva ndio nini hasa? Si ni redio tu?

Ni redio na amplifaya ndani ya boksi moja. Kuna tuna (sehemu ya kushika stesheni) ya FM na AM, kuna sehemu ya kuandaa sauti (besi, trebo, tundu la santuri) halafu kuna amplifaya yenyewe ya kusukuma spika. Spika zinakuwa pembeni, sio kama redio kaseti.

Kwa nini uhangaike na ya miaka ya 70 wakati sabufa mpya zimejaa madukani?

Kwa sababu zinatengenezeka. Ukifungua mashine ya 1976 unakuta kila kitu kinaonekana kwa macho, transista ina miguu mitatu, rezista ina mistari ya rangi, na manyuo yake ina mchoro wa saketi nzima kuanzia antena mpaka spika. Sabufa ya kisasa ikifa mara nyingi ni kijibodi kimoja chenye chipu moja na hakuna wa kukuuzia hiyo chipu.

Halafu kuna sababu ya kihistoria. Mwaka 1974 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliweka sheria kwamba kampuni ikitangaza wati lazima ziwe wati za kuendelea, sio za kulipuka sekunde moja, na zitajwe pamoja na oomu za spika (ukinzani wake kwa umeme) na kiwango cha uchafu wa sauti, tena mashine ipimwe baada ya kuchemshwa saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu yake. Kampuni zikalazimika kuweka transfoma kubwa na hitisinki (mabati ya kupooza joto) nzito. Ndio maana mashindano yakaanza, Pioneer wakafika SX-1980 ya mwaka 1978, wati 270 kila chaneli, kilo kama 35, hiyo unabeba na mwenzako. Ya ba'mdogo ni ndogo tu, wati 35 kila upande, lakini wati 35 za kweli ukiweka spika nzuri jirani atajua unasikiliza nini.

Nimeikuta stoo haijawashwa miaka 20. Nichomeke kwanza nione kama inawaka?

Usichomeke. Najua mkono unawasha, na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndipo mashine nyingi zinapofia. Kapasita (vile vikopo vya kuhifadhi umeme) zilizolala miaka mingi zinakuwa zimesahau kazi, ukizipa umeme wote kwa mpigo zinavuja au zinapasuka, na kama kuna transista ya pato (ile inayosukuma spika) iliyopiga shoti basi inaondoka na transfoma, na transfoma ndio kitu hutakipata tena.

Kwanza ifungue. Angalia fyuzi, zote, na usome namba yake ilinganishe na iliyoandikwa kwenye chasisi, maana nimeshakuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya sigara na nyingine imewekwa kipande cha waya. Angalia waya wa umeme kama panya hajala. Angalia juu ya kapasita kama imevimba au kuna ute umetoka chini, lakini hapo usidanganyike, Wajapani walikuwa wanabandika vitu kwa gundi na gundi ile inafanana na ute uliovuja. Halafu nusa. Transfoma iliyoungua ina harufu yake ya vanishi chungu, ukishaijua huisahau.

Baada ya hapo angalia nyuma pameandikwa volti ngapi.

Nyuma imeandikwa 120V tu, au 100V. Huku haitafanya kazi?

Itafanya kazi kwa transfoma ya kushusha, bila hiyo itaungua mara moja. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni volti 120, ya Japani yenyewe ni 100, huku kwetu ni 230 na Kenya 240. Zile zilizopelekwa Ghuba na nchi zenye volti mchanganyiko mara nyingi zina kiswichi nyuma cha 110, 120, 220 na 240. Hii ya kwetu aliileta ba'mdogo kutoka Muscat alikokuwa anafanya kazi na ina kiswichi hicho, tulikuta kimewekwa 220, nikakisogeza 240 maana umeme wa mtaa ule usiku unapanda mpaka 245, nimeupima mwenyewe.

Angalia pia hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Kama imeandikwa 60Hz peke yake, kwenye umeme wetu wa 50Hz transfoma itachemka zaidi, sio ya kuiacha kutwa nzima. Ikiandikwa 50/60Hz lala salama.

Sasa nitaiwashaje mara ya kwanza?

Kwa balbu. Mafundi wazee wote wanayo hii. Unachukua balbu ya zamani ya waya, ile inayotoa joto, ya wati 60 au 100, unaiunga mfululizo na mashine, yaani waya wa laivu kutoka ukutani unapita kwenye balbu kwanza ndio unaenda kwenye mashine, nutro inapita moja kwa moja. LED haifai hapa wala enajisava. Balbu za waya siku hizi ni adimu, ile ya halojeni inafanya kazi vilevile. Ifunge vizuri kwenye boksi la soketi, usiache nyaya wazi.

Ukiwasha, balbu itawaka sana kwa sekunde moja hivi wakati kapasita kubwa zinajaa, halafu itafifia ibaki nyekundu kwa mbali. Hapo furahi. Ikiwaka kali na ikabaki kali, zima, kuna shoti ndani, na balbu imekubebea msiba ambao ungebebwa na transfoma. Spika usiziunge bado. Na usishangae kama relei (swichi ya ndani inayounga spika) haijapiga, mashine ikiwa kwenye balbu inapata volti pungufu.

Kuna hatari ya kufa?

Ipo, kwa hiyo nitaandika bila kuzunguka. Hatari ya kwanza ni umeme wa ukutani unaoingia kwenye swichi ya kuwashia, transfoma na soketi za nyuma, hapo panaua hata kama umezima kwa swichi ya mbele. Chomoa plagi. Hatari ya pili ni kapasita kubwa za pawa, kwenye mashine za saizi hii zinabeba volti thelathini na kitu kila upande, na kati ya chanya na hasi ni mara mbili yake, kwenye zile kubwa zinazidi sana. Hazitakurusha kama za TV ya kioo lakini ukigusisha bisibisi kuzishoti zinatoa cheche, zinayeyusha bodi na unaweza kuunguza vitu vingine.

Mimi natumia rezista ya oomu 1000 ya wati 5 iliyofungwa kwenye nyaya mbili zenye klipu, nashika kwenye miguu ya kapasita dakika moja, halafu napima kwa mita. Ikiwa chini ya volti 1 naendelea. Napima kila mara, hata kama nimepima dakika kumi zilizopita na nikaiwasha tena kidogo.

Ukilazimika kupima mashine ikiwa inawaka, mkono mmoja uweke mfukoni, vua pete na saa, vaa viatu, na watoto wasiwepo chumbani.

Vifaa gani ninunue?

Mita nzuri kidogo, inayosoma milivolti bila kucheza cheza. Solda ya umeme ya kurekebisha joto, mimi naiweka kama 350. Risasi ya kuchomelea ya 60/40 yenye dawa ndani yake, nyembamba. Pampu ya kunyonyea risasi au utepe wa shaba. Bisibisi za nyota nzuri, maana skrubu za Kijapani za zamani ukitumia bisibisi mbovu unazila vichwa. Brashi ya rangi, mswaki, pamba za masikio, spiriti safi ya isopropili. Dawa ya kusafishia kontakti.

Ile asidi wanayotumia mafundi wa mabati na redieta isikaribie bodi. Inashika vizuri siku hiyo, baada ya miezi inakuwa imekula njia za shaba.

Naisafishaje ndani?

Hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu sisi watu wa pwani shida zetu ni tofauti na za watu wanaoandika manyuo.

Ya ba'mdogo ilifungwa kwenye gunia la katani mwaka 1983, ule msako wa wahujumu uchumi ulipoanza watu waliogopa kuonekana na vitu vya nje hata walivyonunua kwa jasho lao, babu akaipandisha darini na ikakaa huko, ikashuka, ikapanda tena, mpaka ikasahaulika. Nilipoifungua nilikuta mavi ya mende yamefunika bodi ya tuna kama pilipili manga iliyomwagwa, mayai ya mjusi mawili nyuma ya transfoma, makavu, na mjusi mwenyewe amekauka amelala juu ya fyuzi. Chasisi ina kutu ya chumvi kwenye kona zote. Mavi na mikojo ya wadudu ni kitu kibaya kuliko vumbi, yakipata unyevu yanapitisha umeme na yanakula shaba, kwa hiyo kupuliza tu haitoshi.

Nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa, pitisha brashi kavu kwanza huku bloa inavuta au inapuliza kwa mbali. Halafu bodi moja moja, mswaki na spiriti, unasugua polepole, unafuta kwa pamba, unarudia mpaka pamba itoke nyeupe. Kwenye tuna kuna ile kapasita ya mabati yanayopishana inayozunguka ukizungusha stesheni, pale usisukume kitu, bati likipinda stesheni zote zinahama. Vile vikoili vyenye kichwa cha rangi ndani ya vikopo usivizungushe hata kama vinakuvutia, hivyo vilipangwa kiwandani kwa mashine maalumu.

Tafuta pia gundi ya kahawia. Kwenye mashine nyingi za mwisho wa miaka ya 70 na mwanzo wa 80 walibandika kapasita kwa gundi ambayo ikiwa mpya ni ya njano laini, ikizeeka kwa joto inakuwa kahawia, ngumu, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vitu vya jirani. Ikwangue yote kwa kijiti cha mwanzi au plastiki.

Na kioo cha stesheni! Maandishi yake yamechapwa kwa nyuma. Usipake spiriti wala dawa ya vioo upande ule, namba zinatoka zote na kitambaa. Kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo kwa mbele, nyuma puliza vumbi tu. Nimemuona kijana amefuta FM nzima kuanzia 88 mpaka 100 kwa pasi moja ya mkono, alilia.

Volyumu inakwaruza, na chaneli moja inapotea nikigusa nobu. Imekufa?

Haijafa, imechafuka. Nusu ya mashine ninazoletewa zimeambiwa zimeungua na shida ilikuwa hii. Ndani ya potenshometa kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachotembea juu yake, kikipata ukungu kinaruka. Ingiza mrija wa dawa ya kontakti kwenye kitundu cha nyuma ya potenshometa, puliza kidogo, zungusha nobu mwanzo mpaka mwisho mara 30 au 40, acha ikauke, washa. Fanya hivyohivyo kwa besi, trebo, balansi, na usisahau swichi zote za mbele, hasa ile ya TAPE MONITOR, hiyo ndio inayopoteza chaneli kimyakimya kwa sababu sauti yote inapita hapo na hakuna anayeigusa miaka.

Tumia dawa ya kontakti yenyewe. WD-40 ya kawaida ni ya bawaba na bolti, ndani ya potenshometa inaacha mafuta yanayoshika vumbi na mwezi ujao unarudi pale pale.

Nibadilishe kapasita zote?

Watu wanagombana sana kwa hili. Msimamo wangu ni kwamba usianze na kapasita. Safisha, pima, sikiliza, jua mashine ina shida gani, ndio ubadilishe. Mtu anayeng'oa kapasita 60 siku ya kwanza akiwasha ikakataa hajui kama ni shida ya zamani au ameiweka yeye.

Lakini kweli zinazeeka. Zile za elektrolaiti zina majimaji ndani na yanakauka, zaidi zile ndogo zilizo karibu na hitisinki au rezista za moto. Ninaanza na bodi ya pawa, halafu bodi ya amplifaya, halafu njia ya sauti. Tuna naiacha kama inashika stesheni vizuri. Zile mbili kubwa kama makopo ya maziwa nazipima kwanza, nyingi bado ni nzima.

Ukibadilisha, volti iwe ileile au zaidi, maikrofaradi ileile au juu kidogo tu, ya digrii 105 badala ya 85 maana huku kwetu joto ni la mwaka mzima. Na chanya ikae kwenye chanya. Piga picha kabla ya kung'oa, ng'oa moja, weka moja, using'oe zote ukazipanga mezani. Kapasita iliyogeuzwa inapasuka na kelele ya bunduki, na majimaji yake yanachoma macho.

Spea za Kariakoo, Dar, au Luthuli, Nairobi, zina feki, nitazijuaje?

Zipo nzuri na zipo feki duka hilohilo. Kapasita feki mara nyingi ni nyepesi na ndogo kuliko inavyotakiwa, na zingine ukipasua unakuta kakapasita kadogo ndani ya gamba kubwa. Ukinunua nenda na mita yako inayopima kapasita, muuzaji mwaminifu hatakasirika. Transista kubwa za pato ndio zinaigizwa sana, zenye majina maarufu kama 2N3055 na zile za Toshiba na Sanken, maandishi yakifutika ukipitisha spiriti iache. Wakati mwingine bora kung'oa kutoka mashine mbovu ya umri uleule kuliko kununua inayong'aa.

Inawaka taa zote lakini kimya, ile "tak" ya relei haisikiki.

Mashine nyingi za miaka ile zina relei inayosubiri sekunde chache ndio iunge spika. Ikikataa kuunga mara nyingi inakulinda, imeona volti za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) kwenye njia ya spika. Usiishoti kwa waya ili ulazimishe sauti, utaunguza koili za spika. Pima DC kwenye pato la amplifaya kabla ya relei, chaneli kwa chaneli. Upande wenye volti 20 au 30 ndio mgonjwa, hapo kuna transista iliyopiga shoti au rezista iliyokatika. Bahati nzuri kuna chaneli nzima pembeni, unapima pointi kwa pointi, kushoto na kulia, mpaka uone zinapoachana. Huo ndio uzuri wa stereo kwa fundi.

Kama DC haipo na bado haipigi, angalia bodi ya pawa na kapasita ndogo za kwenye bodi ya kinga. Kama inapiga lakini sauti inakuja mpaka uongeze volyumu kwa nguvu, kontakti za relei zimeungua, badilisha relei.

Nasikia watu wanasema bayasi na ofset. Ni nini?

Ofset ni ile DC inayobaki kwenye spika bila muziki. Chini ya milivolti 50 sina wasiwasi, ikifika 100 natafuta sababu. Bayasi ni umeme mdogo unaopita kwenye transista za pato hata kukiwa kimya, ukiwa mdogo sana sauti ya chini inakuwa na mchanga, ukizidi hitisinki inachemka na transista zinaondoka.

Unapima milivolti kwenye zile rezista nyeupe za saruji. Kama rezista ni ya oomu 0.47 na umesoma milivolti 10, ni kama miliampea 21. Namba sahihi ipo kwenye manyuo ya mashine yako, usichukue ya mwenzio. Volyumu sifuri, spika zimetolewa, mashine imepata moto dakika kumi na tano, ndio unazungusha trima (kile kipotenshometa kidogo cha kwenye bodi) kwa upole wa nywele, kushoto na kulia kwa zamu. Trima za zamani zina kutu ndani, ikiruka wakati unazungusha bayasi inapanda ghafla, kwa hiyo mimi naziweka mpya kabla sijaanza.

Kuna mlio.

Mlio gani? Zungusha volyumu usikilize. Mlio ukiongezeka na volyumu, chanzo kiko kabla ya volyumu, ukibaki vilevile kiko baada yake. Hapo umeshagawa mashine nusu bila kugusa kitu.

Mngurumo mzito wa "mmmm" pande zote mbili, angalia kapasita kubwa za pawa. Mngurumo unaokuja ukichomeka santuri tu ni waya wa athi (wa ardhi) wa pleya haujafungwa. Mlio wa mafuta yanayokaanga, mara "pop", mara kimya, upande mmoja, hiyo ni transista ndogo iliyozeeka, kwenye Pioneer mshukiwa wa kwanza ni 2SA726 na kwenye mashine nyingine nyingi 2SC458. KSA992 inachukua nafasi ya 2SA726 vizuri, ila soma mpangilio wa miguu kwenye karatasi ya kiwanda kabla ya kuchomelea, na badilisha pande zote mbili.

Kama nyuma kuna PRE OUT na MAIN IN zilizoungwa kwa vipini, vitoe uunge kwa waya kinyume, kushoto kwenda kulia. Mlio ukihama upande, shida iko kabla ya hapo. Usipohama iko kwenye amplifaya.

Taa zimeungua, niweke LED?

Weka, lakini chagua rangi ya joto, ile nyeupe ya buluu inaifanya ionekane kama duka la dawa. Taa nyingi zinapewa AC (umeme wa kugeuka geuka), LED itapepesa kama hujaweka daiodi na kakapasita. Faida kubwa ni kwamba haichomi plastiki. Mimi kwa ba'mdogo niliweka za waya kama zilivyokuwa, ma'mdogo alitaka ile njano.

FM haishiki, au inaishia 90.

Inayoishia 90 ni ya soko la Japani, bendi yao ilikuwa 76 mpaka 90, utapata vistesheni vichache tu vya mwanzo. Itumie kama amplifaya.

Kama ni ya 88 hadi 108 na inakoroma, kwanza antena. Watu wanachomeka kipande cha waya halafu wanalaumu mashine. Chukua waya wa mita 1.5, ukate katikati, kila nusu kama sentimita 73, uutandaze kama herufi T ukutani. Ya Marekani utaona trebo imelala kidogo, wao wanatumia mikrosekunde 75 kushusha trebo ya FM na huku ni 50, ongeza nobu ya trebo inatosha.

Uzi wa kusogeza mshale wa stesheni umekatika.

Kazi ya uvumilivu. Manyuo ina mchoro wa jinsi uzi unavyozunguka puli, bila mchoro utakesha. Mshipi wa kuvulia wa plastiki unateleza na unavutika, tumia ule wa kusukwa. Springi irudi mahali pake, halafu mshale unaupangia kwa stesheni unayoijua namba yake.

Boksi la mbao limepauka.

Jua kwanza kama ni veneya ya mbao au ni stika. Stika ifute tu. Veneya isugue kwa msasa laini sana kufuata nyuzi, paka mafuta ya kitani kidogo kidogo kwa kitambaa, siku tatu. Vitambaa hivyo vitandaze nje vikauke, usivikunje ukatupa kwenye kapu, mafuta yale yanajichemsha yenyewe na kushika moto.

Naweza kuunga simu?

Ndiyo, kwenye AUX au TAPE IN. PHONO ni ya santuri peke yake, ukiweka simu hapo sauti inapasuka kabisa.

Spika gani?

Za oomu 8 kama mashine inasema 8. Ukiwasha A na B pamoja mbili za 8 zinakuwa 4. Siku ya majaribio unga spika ambayo ikiungua hutaumia.

Lini nimpelekee fundi?

Transfoma ikiwa imeungua, tuna ikiwa imechezewa vikoili, au ukijikuta unabadilisha vitu kwa kubahatisha. Mpelekee na manyuo mkononi na umwambie kila ulichogusa, usifiche.

Nikimaliza niiwekeje idumu?

Stabilaiza mtaa wenye umeme unaoruka, na ukikatika chomoa, ukirudi subiri utulie. Nafasi ya wazi juu yake, angalau kiganja, kisimbuzi kisikae juu. Nyavu nyembamba ya dirisha kwenye matundu ya chini kuzuia mende, ya juu yaache wazi joto litoke. Iwashe hata nusu saa kwa wiki, mashine inayofanya kazi hainyonyi unyevu.

Na vile vitambaa vya kufuma mnavyotandika juu ya redio vinaziba kabisa matundu ya hewa. Cha ma'mdogo ni cheupe, alikifuma mwenyewe mwaka ba'mdogo aliporudi na ile mashine, na sikuweza kumwambia akitoe. Nilimuonyesha tu aweke mkono juu ya boksi baada ya saa moja ya muziki. Sasa kimetandikwa chini yake, pindo limeshuka mbele ya kabati, na risiva imekaa juu.